Kijiji cha Houkou-Houkou

Shangazi yangu aliponzwa na harusi. Si harusi yake. Yake ilishapita zamani na mumewe akazikwa. Aliponzwa na harusi za watu. Kwetu Ujiji mama akishashiba pilau ya harusi lazima atangaze ametoka wapi, na katika mambo hayo shangazi hakuwa na mpinzani. Alikaza kanga kiunoni, akaingia katikati ya wenzake na kuanza: sisi ni watu wa ng'ambo, ziwa tumelivuka kwa makasia, hatukuokotwa njiani sisi! Vigelegele vikapigwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani huko ng'ambo watu wote ni matajiri, kwa jinsi wanawake wa mtaa wetu wa Kasingirima walivyogombania kutoka huko.

Ng'ambo yenyewe ilikuwa Kongo tu, ile milima inayoonekana upande wa pili siku ikitakata. Wazee wetu walivuka kutoka huko, wengine kwa hiari yao, wengine wakiwa na kamba shingoni. Ila kwenye harusi hakuna aliyekuja na kamba. Wote walikuja kwa biashara.

Basi, wakaja wakimbizi. Kwanza wa Burundi, kwa miguu, magodoro kichwani. Halafu wa Kongo, kwa maboti yaliyojaa mpaka maji yanachungulia ndani. Kigoma ikajaa magari meupe ya mashirika, kodi ya nyumba ikapanda, na neno ng'ambo likawa neno baya ghafla. Ule mtaa uliokuwa umejaa watu wa ng'ambo, ukipita sasa ukauliza, wote wenyeji tangu Adamu! Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Wahenga wale hawakuwahi kukutana na msako.

Maana msako ulikuja. Maafisa walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wasio raia wanaoishi nje ya kambi. Walipofika kwa shangazi, jirani mmoja, mla pilau mwenzake, akawaambia kwa upole kabisa kwamba mama huyu hana haja ya kupelelezwa, mwenyewe husimama hadharani na kusema ametoka ng'ambo, mtaa mzima ni shahidi. Mdomo ukakiponza kichwa. Baada ya siku chache shangazi akapewa barua yenye mhuri: alete uthibitisho kwamba baba yake alizaliwa upande huu wa ziwa, la sivyo ataondolewa Ujiji na kupelekwa kambini pamoja na wengine.

Alikuwa na umri wa miaka sabini kasoro. Safari yake ndefu maishani ilikuwa kwenda Tabora kumwona mgonjwa, na akarudi akilalamika kwamba maji ya Tabora hayana ladha.

Sheria niliyosomewa ofisini ilikuwa hivi: aliyezaliwa kabla ya uhuru ni raia ikiwa alizaliwa hapa, na mzazi wake mmoja naye alizaliwa hapa. Shangazi alizaliwa hapa, hakuna aliyebisha. Mama yake alitoka Kongo waziwazi, na hata alipokuwa akitutukana sisi wajukuu alitutukana kwa lugha ya huko. Akabaki babu, baba yake shangazi, na babu alikuwa kaburini miaka mingi. Walitaka cheti cha kuzaliwa cha babu. Jamani! Mtu aliyezaliwa kabla Mjerumani hajajenga hata boma.

Ukiniuliza mimi je, mbona sikuandikiwa barua na babu ni huyo huyo, nitakwambia ukweli: mtu aliyevaa kitambulisho cha shirika shingoni haulizwi kwao. Miaka ile nilikuwa karani wa uandikishaji kwenye kambi moja ya njia ya Kasulu, mbele huko ukishaipita Kidahwe. Kutwa nzima nilikaa nyuma ya meza, mbele yangu foleni, nikiuliza mambo yale yale. Jina? Umri? Umezaliwa wapi? Asubuhi naandika wageni, jioni narudi nyumbani kumtetea shangazi asiandikwe mgeni. Kazi nzuri sana hiyo. Ilinipa mshahara na vidonda vya tumbo.

Kambini kulikuwa na muuguzi wa Kibelgiji, mama wa makamo, mkavu wa maneno, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha tu: kunywa, lala, fungua mdomo. Siku moja aliniona nimenuna akaniuliza kwa Kiingereza nina nini. Nikamweleza. Akasema, tena bila kujivuna, kwamba wakati wa ile vita ya kwanza watu wa kwao waliishika Kigoma kwa miaka michache. Kweli bwana, nilikuwa nimesahau. Wabelgiji walitutawala kidogo tu, katikati ya Mjerumani na Mwingereza, kama mtu anayemshikia mwenzake kiti. Muuguzi akasema walipoondoka walibeba makaratasi yao yote, na makaratasi hayo bado yapo Brasels, yamepangwa rafuni. Dada yake amestaafu na hana la kufanya, atakwenda kuyatafuta.

Nilirudi kumwambia shangazi. Alikuwa anakaanga vitumbua barazani, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, na mtaa mzima ulikunywa chai kwa vitumbua vyake, pamoja na yule jirani.

"Yaani nisikilize vizuri," akasema. "Wanataka kujua kama mimi ni mtu wa Kasingirima. Kwa hiyo mnakwenda kuuliza Ulaya?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na huyo dada wa mzungu wako ananijua?"

"Hakujui. Anatafuta kwenye madaftari."

"Haya. Hapa wananijua, wanasema hawanijui. Huko hawanijui, ndio watasema wananijua." Akageuza kitumbua. "Mungu ana mambo."

Afisa aliyekuwa na faili letu alikubali kusubiri. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa amehamishwa kutoka Manyoni, kijana msomi, shati limenyooshwa, na ukutani nyuma yake alikuwa na ramani kubwa aliyoipenda kuliko alivyopenda watu. Kila jina la kijiji ulilomtajia, alilitafuta kwanza kwenye ramani ndipo akuamini.

Baada ya miezi kadhaa bahasha ikaja. Ndani mlikuwa na nakala ya ukurasa mmoja wa daftari la wapagazi, wale waliobeba mizigo ya askari wa Kibelgiji wakati wa vita, na katikati ya ukurasa jina la babu. Jina lake kamili, na la baba yake, herufi zimelazwa vizuri kwa wino. Chini ya alama za mwili waliandika: kovu, goti la kushoto. Nilikaa chini. Kovu lile nililishika kwa mkono wangu nilipokuwa mtoto, babu akiniambia aling'atwa na mamba, na siku nyingine akiniambia ni fisi. Machozi yalinitoka pale pale, mbele ya muuguzi, naye akaniamrisha ninywe maji.

Na kwenye safu ya mahali pa kuzaliwa paliandikwa: Houkou-Houkou.

Dada mtu alikuwa ameambatisha barua fupi. Alisema ametafuta Houkou-Houkou kwenye ramani zote za zamani, za Tanganyika na za Kongo, hakukiona. Pengine ni kijiji kilichokwisha kufa. Akasema pia jalada la daftari bado halijapigwa nakala, litafuata baadaye. Hilo la jalada sikulijali. Nani anajali jalada?

Hapo nikafanya kosa. Badala ya kwenda kwanza kwa shangazi, nikaenda moja kwa moja kwa afisa, kifua mbele, kama niliyeshinda kesi. Akaisoma ile karatasi mara mbili. Akasimama, akaigeukia ramani yake. Akapitisha kidole kutoka mpakani juu mpaka Mpanda, taratibu, akaja tena juu. Mimi nimekaa namsaidia kwa moyo wote, nikimwambia jaribu na huko milimani, Kalinzi, jaribu na huku pwani ya ziwa. Hakuna.

"Houkou," akasema, akilitamka kwa shida. "Hili si jina la kwetu, bwana. Angalia hizi o na u zinavyofuatana. Hili ni jina la Kongo kabisa."

"Lakini afande..."

"Umeniletea mwenyewe. Mzee alizaliwa Houkou-Houkou, na Houkou-Houkou haipo Tanzania. Nifanyeje mimi?" Kisha akasema, na nilimwona kwamba hakufurahia kusema, kuwa Ijumaa kutakuwa na lori la kwenda kambini na kwamba ni vizuri bibi afungashe mapema.

Nilitoka nje. Ndugu yangu, nilikuwa nimemsafirishia shangazi kitanzi kutoka Ulaya, kwa stempu, nikamkabidhi mtu wa kukivuta.

Nikamkuta barazani na vitumbua vyake. Nilimweleza yote bila kumficha. Hakulia. Aliuliza tu kama kambini wanaruhusu kukaangia watu vitumbua. Nikamwambia sijui. Akauliza, "Na hicho kijiji chenyewe kinaitwaje? Maana baba hakuwahi kunitajia kijiji."

Nikaisoma kama ilivyoandikwa. "Ho-u-ko-u. Ho-u-ko-u."

"Lugha gani hiyo?"

"Kifaransa. Lakini wao hawasemi o-u, shangazi. Wakiandika o na u wanasema u tu. Kwa hiyo ni hu... huku..."

 Nilijisikia mwenyewe kwa mdomo wangu. Shangazi naye kijiti cha kugeuzia kimesimama hewani.

"Sema tena."

"Huku huku."

Loo! Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Alicheka vitumbua vikaungua, na katika maisha yangu yote sikuwahi kuona kitumbua cha shangazi kikiungua. "Ni baba!" akawa anasema, huku anajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Wallahi ni baba mwenyewe! Alijibu hivyo hivyo. Umetoka wapi mzee? Huku huku. Unakwenda wapi? Huku huku. Mzungu akaandika!"

Na mimi nilipaswa kulijua hilo kabla ya mtu yeyote. Mwaka wangu wa kwanza kambini niliandikisha familia tele kutoka kijiji kimoja cha Burundi kiitwacho Iwacu. Nilimwambia hata mkuu wangu kwamba Iwacu lazima kimebaki kitupu, maana kila wa pili ametoka huko. Mkuu akaripoti juu. Ikawa dereva wetu mmoja, Muha wa Kasulu, akachungulia daftari langu akacheka mpaka akakaa chini. Iwacu ni kusema kwetu. Nilikuwa namuuliza mtu umetoka wapi, ananiambia kwetu, nami naandika kwa herufi kubwa. Mtoto wa Ujiji, najifanya najua kila lugha! Kwa hiyo yule karani wa Kibelgiji sina la kumsema.

Ijumaa asubuhi tulikwenda ofisini, shangazi katika kanga mpya na manukato ya harusini. Lori lilikuwa tayari limesimama nje. Afisa alimwamkia shikamoo, maana alilelewa vizuri, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi.

"Bibi, baba yako alizaliwa wapi?"

"Huku huku."

"Huku wapi, bibi?"

"Mwanangu, wewe Kiswahili hukijui? Huku huku."

Afisa akaniangalia. Nikamwekea karatasi mezani na kuweka kidole kwenye ile safu. Nikamweleza habari ya o na u, na kwa sababu hakuamini nikalazimika kumsimulia habari ya Iwacu, mbele ya makarani wake wote, jinsi nilivyohamisha kijiji kizima kisichokuwapo. Walicheka sana. Nilistahili. Afisa akaisoma ile karatasi upya, midomo inacheza: huku, huku. Nikaona uso wake unalegea.

"Na wewe mwanangu umezaliwa wapi?" shangazi akamuuliza.

"Manyoni, bibi."

"Aa! Basi mgeni ni wewe."

Hata yeye akacheka. Akaandika kwenye faili kwamba baba wa mhusika ni mzaliwa wa Ujiji kwa ushahidi wa kumbukumbu za kale za ng'ambo, akapiga mhuri, akapiga na mwingine juu yake. Lori likaondoka bila shangazi. Wengine waliondoka nalo. Sisi tulirudi nyumbani tukiwa na furaha, naam, na hatukugeuka kuangalia nyuma. Jumamosi hiyo kulikuwa na harusi, na shangazi akakaza kanga: sisi ni watu wa huku huku! Vigelegele vilikuwa vile vile.

Halafu ikaja bahasha ya pili. Yule dada wa Brasels alikuwa mwanamke wa ahadi. Alisema jalada litafuata, na likafuata. Kifaransa changu kilikuwa cha kuombaomba lakini jalada lilikuwa na maneno machache: daftari la wapagazi, na kituo lilikoandikwa. Kituo kilikuwa mji uliopewa jina la mfalme wao, ambao leo ni Kalemie. Kalemie ya Kongo, upande wa pili wa ziwa.

Nilihitaji dakika kadhaa kuelewa. Karani alikaa Kalemie. Babu alisimama mbele yake, huko huko Kalemie. Karani akamuuliza umezaliwa wapi, naye akasema huku huku.

Nilimpelekea shangazi, safari hii kwanza yeye. Nikafunga mlango. Nikamsomea, nikamfafanulia polepole, kwamba huku ya babu ilikuwa kule. Alinisikiliza huku anapepeta mchele, hakuinua hata jicho.

"Shangazi, ulijua?"

"Nijue nini? Nimeulizwa baba alizaliwa wapi, nikasema alivyosema baba."

"Lakini ulijua."

Akaweka ungo chini. "Baba alitufundisha sote, mimi na baba yako. Alisema mwenye kalamu akikuuliza umetoka wapi, usimwambie kule. Ukimwambia kule, atakupeleka kule. Mwambie huku huku, popote ulipo. Atachoka." Akakung'uta pumba mikononi. "Mimi hapa nimezaliwa, nimezaa, nimezika mume na watoto wawili. Sasa wewe unataka niende wapi?"

"Sitaki uende popote, shangazi." Sioni haya kulisema. Niliogopa sana kumpoteza mama yule.

"Basi nipe hiyo karatasi."

Akaichana vipande vinne, akaviweka kwenye boksi lake la karatasi za kufungia vitumbua, pamoja na kurasa za madaftari ya shule na magazeti ya zamani. Kwa wakati huo afisa alikuwa mteja wake. Alimtuma mtu kila asubuhi. Nani alikula vitumbua kwenye jalada lile sijui, na sikuuliza.

Ningependa hadithi iishie hapo, kwenye mafuta ya vitumbua. Lakini Jumatatu iliyofuata nilirudi kazini, kwenye meza yangu, na foleni ilikuwa ndefu kwa sababu lori jingine lilikuwa limeleta watu waliokamatwa kwenye msako. Akaja bibi mmoja mfupi, miguu ina udongo mwekundu, mikono myeusi kwa utomvu. Walimkuta kwenye mashamba ya kahawa ya Kalinzi. Hakuwa na barua wala faili, wala mtoto wa kaka mwenye kitambulisho shingoni.

"Jina, bibi?"

Akasema jina.

"Umezaliwa wapi?"

"Hano," akasema. Akadhani sikusikia, akagonga meza yangu kwa kidole. "Hano nyene."

Sikuhitaji dereva wa kunitafsiria. Papa hapa. Huku huku. Huenda ilikuwa kweli, huenda baba yake naye alimfundisha. Nilimtazama naye akanitazama, hana wasiwasi, kama mtu aliyejibu swali rahisi. Kwenye safu ya kijiji nikaandika Hano-Nyene, kwa herufi kubwa, nikaweka na kistari katikati. Fomu zile nakala zake zilikuwa zinapelekwa Ulaya. Ziko huko mpaka leo, nadhani, zimepangwa vizuri rafuni, zinamsubiri mjukuu wake.

Lakini fomu ilikuwa na safu nyingine chini yake, ya nchi. Ukiiacha wazi fomu inarudishwa, na mwenye fomu hapati chakula wala turubai. Nikaandika Burundi.

Akaweka dole gumba. Kisha akainama, akaangalia maandishi yangu ambayo hakuweza kuyasoma.

"Umeandika hano?"

"Nimeandika, bibi," nikasema.

Ile safu ya pili sikumwambia.